Kona za bafu lenu

Mbagala, Dar es Salaam

Rajabu ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Picha nimezipata. Kuta ziko safi, kazi iliyobaki ni ile nguzo inayoficha bomba na kingo za dirisha.

Umesema shemeji hataki ukanda wa kona, ule utepe mgumu wa kumalizia ukingo wa marumaru, anataka marumaru zikutane zenyewe kama alivyoona hotelini. Ana jicho, ila hizo zenu ni seramiki: juu ngozi inayong'aa, chini udongo mwekundu. Fundi akizikata mshazari kwa nyuzi 45 zinabaki nyembamba kama wembe. Ndoo ikigonga hapo mara moja, ngozi inabanduka na wekundu unatokeza. Grauti, ule uji wa kujazia viungo, haifichi kitu hicho.

Mimi ningeweka ukanda wa alumini. Fundi aende dukani na kipande cha marumaru mkononi, akilaze juu ya bawa la ukanda (upande wake bapa), na aache nafasi ya gundi. Uso wa marumaru na wa ukanda ulingane. Bawa lile lenye matundu linazamishwa kwenye gundi mbichi, kisha marumaru inakaa juu yake. Wapo wanaobandika ukanda juu ya marumaru kazi ikishaisha. Huyo mwambie afungashe vifaa vyake.

Kwenye nguzo, kipande kizima kianzie kona ya nje, vya kukatwa viishie kona ya ndani, ambako macho hayafiki. Kabla ya yote ateremshe timazi. Kona ya plasta ikiwa imelala, ukanda ulionyooka utaitangaza nyumba nzima. Arudie plasta, asijaze pengo kwa gundi. Dirishani, pale kanda mbili zinapokutana, zote zikatwe nyuzi 45 kwa msumeno wa chuma, halafu apitishe tupa.

Shemeji akishikilia msimamo (namjua!), nunueni marumaru za pozeleni kwa ajili ya nguzo peke yake. Hiyo ni ngumu, inastahimili mshazari. Ila grenda isiile ngozi yenyewe: ibaki milimita moja hivi ya ukingo, isuguliwe kwa jiwe la almasi, na kiungo kijazwe grauti.

Nitumie vipimo vya dirisha na kimo cha nguzo. Kanda nyingi ni za mita 2.5, nikipita Kariakoo nitajua ninunue ngapi, nizipakie kwenye basi la Tanga.

Wako,
Hamisi