Picha za vita zionyeshwe nzima, wanawake waonekane

Mhariri,

Maonyesho ya picha za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki hujaa askari waliopanga mstari na ofisa wa Kijerumani mbele yao. Wanawake hawaonekani, ilhali walikuwepo. Wake za askari waliandamana na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengine hadi ng'ambo ya Ruvuma mwaka 1917, wakibeba vyombo na watoto, na jioni kambi ikipigwa wakitwanga nafaka na kupika.

Mara nyingi kasoro ni mkasi. Wapiga picha wengi wa enzi hizo walitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa inayohisi mwanga, na aliyelengwa alikaa katikati. Wanawake waliangukia pembeni, wamefifia kidogo kwa kuwa walikuwa wakitembea huku bamba likipokea mwanga. Wachapaji wa vitabu na kadi za posta walikata kingo hizo, nasi leo tunakuza nakala iliyokwisha kukatwa. Makumbusho irudi kwenye bamba lenyewe, iliskani mpaka ukingoni. Bamba likilazwa upande usio wake, picha hugeuka kinyume: tazama mkono wa kukokia risasi kwenye bunduki ya Mauser. Huwa kulia, ukiuona kushoto, rudia.

Rangi nazo hudanganya. Mabamba mengi ya wakati ule hayakuhisi wekundu, kwa hiyo kanga nyekundu hutoka nyeusi tii. Maelezo yanayosema "mwanamke aliyevaa kaniki" huenda yamekosea kabisa, na mtazamaji hana njia ya kujua. Nyuso nyeusi nazo humezwa na kivuli zisipochapwa kwa uangalifu, na ni dhuluma kumtundika mtu ukutani bila sura.

Kisha yapo maneno ya chini ya picha. "Askari na familia" hayatoshi. Andikeni kinachoonekana: mtungi kichwani, mchi mkononi, mtoto mgongoni. Jina likikosekana, semeni waziwazi kwamba mpiga picha hakuliandika.

Nakala za zamani za karatasi zisizidishiwe mwanga wa laksi 50, na baada ya miezi michache zirudi gizani. Ukutani zibaki nakala mpya, kubwa. Maelezo yawe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi zinazosomeka hatua mbili kutoka ukutani, maana wajukuu wa wanawake hao wanaingia humo kila siku.

Msomaji wako,
Tanga