CACIT haitolewi kwa kuwa wa kwanza tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya michezo iliyowalaumu waamuzi wa mashindano ya mbwa wa kuwinda barani Ulaya kwa kumpa mbwa mmoja nafasi ya kwanza na kisha kumnyima CACIT, yaani hati ya kustahili kuwania ubingwa wa kimataifa wa kazi ya mbwa. Mwandishi aliona huo ni ubahili, kama si ubaguzi dhidi ya mwenye mbwa ambaye alikuwa mgeni. Mimi ninaishi kaskazini mwa Ufaransa na kazi yangu ni ya mabanda ya pointa na seta, mbwa wa kuwinda wanaoonyesha ndege walipojificha, nami nashikilia kwamba waamuzi walikuwa na haki kamili, na kwamba siku watakapoona haya kuinyima, hati hiyo haitakuwa na thamani kwa yeyote anayeijua kazi ya mbwa hawa.

CACIT hutolewa chini ya kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lililoundwa mwaka 1911 na lenye makao yake Thuin, Ubelgiji. Mwamuzi hupendekeza tu. Anayethibitisha ni shirikisho lenyewe. Mbwa anayependekezwa sharti awe wa kwanza na awe amepata daraja la juu kabisa, lakini hata akitimiza hayo mawili hana haki ya kudai chochote, kwa sababu hati hiyo imewekwa kwa ajili ya kazi iliyopita kiwango cha kawaida. Taji lenyewe la bingwa wa kimataifa wa kazi, linaloandikwa C.I.T., halipatikani kwa CACIT moja, wala kwa ushindi wa nchi moja pekee.

Makala haikueleza kazi yenyewe ni ipi, na hapo ndipo msomaji alipopotoshwa. Pointa na seta hukimbizwa wawili wawili, kwa kawaida kwa dakika 15, katika mashamba ya ngano changa ambako kwale wa kijivu wamekwisha kuoana. Mbwa hupekua shamba kulia na kushoto akiukabili upepo, kila mmoja upande wake, na akikutana na harufu anaganda: pointa husimama wima na mkia umenyooka, seta hujishusha na kunyata hadi tumbo linakaribia kugusa majani. Mwenzake akimwona ameganda naye lazima asimame palepale, hata kama pua yake haijanusa kitu. Mwendeshaji, yaani mtu anayemwongoza mbwa, anamfikia, wanasogea pamoja hatua kwa hatua, kwale wanaruka kwa kishindo, bastola inalia, na mbwa hatakiwi kusogeza hata unyayo. Akiwafukuza, ametolewa. Akiwapita kwale waliokuwa ndani ya eneo lake bila kuwatambua, ametolewa vilevile. Dakika ya kwanza tu ndiyo yenye msamaha, maana mbwa aliyefunguliwa muda huohuo bado anatafuta upepo.

Bastola hiyo haina risasi ya kuua. Mwandishi aliposema kwamba mashindano ya majira ya kuchipua ni “mauaji ya ndege kwa burudani” alikosea kabisa, kwani kwale wanaoruka mwezi Machi huachwa waende zao wakatage.

Sasa basi, inawezekana kabisa mbwa akamaliza dakika zake bila kosa, akaonyesha jozi moja ya kwale, akawa wa kwanza kwa sababu wenzake wote wametolewa, na bado asiwe amefanya jambo la kumfanya mwamuzi avue kofia. Pengine alipekua karibu mno na miguu ya mwendeshaji. Pengine aligeuka akiupa upepo mgongo. Huyo anastahili nafasi ya kwanza ya siku hiyo. Hastahili kuingizwa katika karatasi za nasaba ambazo wafugaji wa nchi nyingine watazitegemea kuchagua dume.

Nina wasiwasi mwingine, na huu ni mkubwa kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Uingereza, ambako mashindano ya kwanza ya aina hii yalifanyika Southill, Bedfordshire, mwaka 1865, kwale wa kijivu wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Dawa za magugu ziliondoa mimea iliyokuwa ikilisha wadudu, na kifaranga wa kwale bila wadudu katika wiki zake za kwanza haishi. Wapo wanaotaka pengo lizibwe kwa ndege wa kufugwa wanaoachiliwa asubuhi ya mashindano. Ndege wa namna hiyo hutulia mahali alipowekwa na kumsubiri mbwa, ilhali kwale wa porini hukimbia chini ya ngano, husimama, hukimbia tena, na humfundisha mbwa mjinga adabu yake. Nisingependa kuona hati moja ikitolewa kwa kazi hizo mbili.

Jioni ya mashindano, kabla ya kutangaza matokeo, mwamuzi husimama mbele ya wote na kueleza mbwa mmoja mmoja alivyokimbia na sababu ya uamuzi wake. Makala yenu haikutaja neno lolote la taarifa hiyo. Ningeomba mwandishi atueleze, katika toleo lijalo, mwamuzi alisema nini kuhusu mbwa huyo.

Msomaji wenu,
Kaskazini mwa Ufaransa