Barua kwa shoga yangu aliyeko Wete

Mwembetanga, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Halua imefika, watoto hawakuilaza. Ahsante sana, na Mungu akuzidishie.

Nakuandikia kwa ajili ya maji. Uwanja wa marehemu baba yako umo ndani ya jambo lenyewe, ndiyo nikaona simu haitoshi.

Vile vyumba viwili nilivyojenga uani mwanangu alipooa, huu mwaka wa pili havina mita wala mfereji. Kila nikienda ofisini naambiwa mtaa wetu umo kwenye ramani mpya ya mji, utajengwa upya, kwa hiyo haungiwi mtu maji wala umeme. Nikiuliza ni lini, hapana jibu. Nikiomba waniandikie hayo kwenye karatasi, hawaandiki. Sheha wa mtaa ameshanipa barua mara tatu, maskini, kila nikiipeleka naambiwa nirudi wiki ijayo.

Maji yakija huja saa nane usiku. Kwanza naisikia mota ya jirani. Ikishanyamaza ndipo mfereji wangu hukohoa hewa, ukatema maji mekundu ya kutu, kisha ukatoa kijiuzi chembamba hicho. Ndoo moja hunichukua muda wa kusali na kuvuta uradi. Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba. Ndoo nampitishia dirishani asije akateleza kwenye tope.

Umeme ndio unaonitisha zaidi. Tumevuta waya kutoka jikoni kwangu, umepita juu ya mabati, umefungwa kwa kamba ya usumba. Mvua za masika zilipoanza, mtoto wa jirani alipanda kufuata mpira wake, bati likampiga shoti. Alitupwa mpaka chini kwenye mchanga. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini mimi nilikaa pale pale nikalia. Waya ule ni wangu. Angekufa ningemwambia nini mama yake?

Wallahi mimi sipingi mji kujengwa. Ukipita Michenzani usiku siku hizi utafurahi, na Darajani ukishuka garini utaulizia njia. Lakini sisi wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, tumeshasubiri sana. Sayyid Barghash, sultani wa zamani, aliwavutia watu wa Mji Mkongwe maji kwa mabomba kutoka Chemchem, na jumba lake la Bait al-Ajaib likawaka taa za umeme, huku bibi zetu wakiteka visimani. Baada ya Mapinduzi Mzee Karume akataka wanyonge nao wakae nyumba nzuri, Wajerumani wa Mashariki wakachora, vibanda vikavunjwa, majumba ya Michenzani yakasimama. Bibi yangu alipata fleti ya juu, akaipenda mno. Ila maji hayakuwa yakipanda, basi tukimpandishia ndoo ngazi kwa ngazi mimi na wewe, tukitoka skuli. Umesahau?

Na ile Disemba ya 2009, waya wa baharini wa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipoharibika, tulikaa gizani miezi mitatu kisiwa kizima. Wakubwa na wadogo tulilia pamoja, na 2013 tukaletewa waya mwingine mkubwa zaidi. Safari hii tunaolia ni nyumba chache za kichochoroni.

Sasa sikiliza. Ijumaa baada ya sala tulikutana kwa sheha, nyumba kumi na moja. Tumekubaliana tuandike barua moja, sote tutie saini: watuungie sasa, na mita ing'olewe siku ya kubomolewa. Mita ni kitu cha kung'oleka, shoga. Bomba nalo hufukuliwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu hawezi kungojea ramani ndipo akogeshwe.

Fundi ametwambia bomba kubwa limepita barabarani, nyuma ya nyumba ya baba yako. Njia fupi ni kukata uwanja wenu, kuanzia ukutani mpaka kwenye baraza. Bila ya ridhaa yako na ya kaka yako hatuwezi kugusa hata jiwe. Nyumba ni ya mirathi, nami sitaki baadaye pawe na neno baina yetu.

Mtaro utapita karibu na mkomamanga wa mama yako. Nimeshamwambia fundi pale hapapigwi sururu, patachimbwa kwa mkono, na nitasimama mwenyewe mpaka wafukie. Mwaka huu umezaa, nimekuwekea matatu.

Karatasi ya ridhaa mpe kaka yako asaini pamoja nawe, halafu umkabidhi mtu yeyote unayemwamini anayepanda boti wiki hii. Jumatatu tunaipeleka pamoja na barua yetu.

Wasalimie watoto.

Shoga yako