Kabla Hujampa Mchoraji Kitabu cha Mekatilili

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Nimesikia kwamba maandishi yako ya kitabu cha watoto juu ya Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya kuwapinga Waingereza, yanakwenda kwa mchoraji juma lijalo, na tangu hapo sina raha. Ungenionyesha mapema tungekuwa tumeyamaliza haya.

Nimeyasoma. Kile kiitikio cha miguu ya Mekatilili kimenipendeza mno. Niliwasomea wajukuu kwa sauti wakakidaka papo hapo. Una mkono wa utenzi, mwanangu, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Neno tamu likikosea, mtoto hulibeba hivyo hivyo hadi utu uzima.

Umemwekea mama wa watu hotuba nzima mdomoni, ndani ya alama za kunukuu, mbele ya Champion, ofisa wa wakoloni. Ni nani aliyeyaandika maneno hayo mwaka 1913? Kisa cha kuku na vifaranga kibaki, maana kinapita chochote utakachobuni: Mzungu anaambiwa ajaribu kumchukua kifaranga, anaponyosha mkono anadonolewa. Lakini kianze na "wazee husimulia". Hata mtoto wa miaka sita anaielewa tofauti hiyo. Hotuba iondoe.

Tena umeandika kwamba hakuogopa kamwe. Umejuaje? Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika upinzani, wakapelekwa Kisii, mbali na Wagiriama wote. Mwezi wa Januari 1914 wakatoroka, wakaikata nchi kwa miguu kurudi pwani. Usiseme aliogopa, wala usiseme hakuogopa. Ionyeshe njia yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mtoto aione urefu wake. Mtoto anayeogopa giza akiambiwa kwamba shujaa haogopi, si atajitoa mwenyewe katika hesabu?

Na kwa nini unafunga kitabu pale anapofika nyumbani? Agosti 1914 walimkamata tena. Mwezi huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Hakurudi hadi 1919. Najua kurasa 32 ni chache, lakini kurasa mbili tu zingetosha kwa hayo. Watoto wetu wamewahi kuona mtu mzuri akifungwa, hawatavunjika.

Mwambie mchoraji kwamba kifudu ni ngoma ya msiba, na Mekatilili aliitumia kuwakusanya watu waje kusikiliza. Asiwachore wanawake wakicheka. Na hando, zile sketi za Kigiriama, wazivae sawasawa. Shangazi yako anazo mbili, nitazipiga picha.

Babako bado goti linamsumbua, anatembea uani tu. Anaulizia kitabu kila siku, na jirani wote wameshasikia kwamba binti yake ni mwandishi. Paa la jiko linavuja, fundi wa makuti anataka malipo ya kwanza kabla ya mvua. Ukituma, tuma kwa simu ya kaka yako, yangu haishiki chaji.

Na ile hotuba, uniambie ukishaiondoa.

Mamako