Gitaa la umeme la mtumba si mbuzi kwenye gunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwatetee wanaonunua magitaa ya umeme yaliyotumika kupitia mtandaoni. Kila anayetaka kufanya hivyo huambiwa atauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa ala nyingine onyo hilo lina uzito. Gitaa lisilo la umeme, kwa mfano, sauti yake yote imo ndani ya sanduku la mbao, na asiyelishika mkononi hawezi kulijua. La umeme ni ubao mzito, shingo, nyuzi sita na pikapu, yaani sumaku zilizoviringishiwa waya mwembamba ili zinase mtetemo wa nyuzi, na karibu kila kipande kimefungwa kwa skrubu. Mwasisi wa kampuni ya magitaa ya Fender, aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi wa redio, na gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954 lilishikwa shingo kwa skrubu nne ili liweze kufunguliwa, kutengenezwa na kufungwa tena. Ala ya namna hiyo huonekana kwenye picha, hupimika kwa rula, na kasoro zake nyingi husikika kwenye video ya dakika moja.

Hapo ndipo raha inapoanzia, siku nyingi kabla ya mzigo kufika. Ni raha ya kuuliza, kulinganisha, kukuza picha hadi uone mkwaruzo mdogo kabisa, na kujua mkwaruzo huo hauna maana ilhali ufa wa urefu wa ukucha una maana kubwa.

Picha za muuzaji kwa kawaida huwa tatu: mbele, nyuma, na gitaa likiwa limeegemea sofa. Hazitoshi. Omba nyuma ya kichwa, pale kinapoungana na shingo, taa ikimulika kutoka ubavuni. Ufa wa mbao hujificha kwenye mwanga wa mbele na kujionyesha kwenye mwanga wa pembeni. Kwenye Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson lililotoka mara ya kwanza mwaka 1952, hili ndilo jambo la kwanza na la mwisho. Kichwa chake kwa kawaida kimeinamishwa kama digrii 17 kwenda nyuma, na mbao imechimbwa palepale ili kupitisha nati ya fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Gitaa likianguka chali, huvunjikia hapo. Likiunganishwa kwa gundi na fundi anayejua kazi yake huwa imara na hupigwa miaka mingi, kwa hiyo uvunjikaji wenyewe si sababu ya kulikataa. Sababu ya kulikataa ni muuzaji aliyenyamaza. Akilisema mwenyewe na bei ikashuka sana, mpiga gitaa anayetaka sauti wala si pambo amepata neema.

Picha ya pili ni ya shingo kwa urefu wake, kamera ikiwekwa nyuma ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, na kutazama kuelekea kichwani. Kingo mbili za ubao wa vidole ziende sambamba. Ukingo mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka, shingo imejipinda kama kamba iliyosokotwa, na hakuna ufunguo utakaoinyoosha. Achana nalo. Mpindo wa kawaida wa mbele au nyuma ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyowekwa kwa kazi hiyo. Muulize muuzaji kama nati ya fimbo bado inazunguka kwa pande zote mbili. Akijibu kwamba imekazwa hadi mwisho, fimbo imeshamaliza uwezo wake.

Kisha freti, vile vijiti vya chuma vilivyopandwa kwenye ubao wa vidole. Omba picha ya karibu ya freti ya kwanza hadi ya tano, chini ya nyuzi nyembamba, kwa sababu hapo ndipo vidole vinapokaa zaidi. Vijishimo hafifu husawazishwa kwa tupa na msasa laini. Freti mpya ya wastani huwa na kimo cha karibu milimita 1.1 hadi 1.3. Ikishuka chini ya 0.7 haina tena nyama ya kusugua, inabidi zing'olewe zote na kupandwa mpya, na kwenye gitaa la bei ndogo gharama ya kazi hiyo inaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Wanunuzi wengi huteketea hapa, wakiwa wameangalia rangi.

Video ni muhimu kuliko maelezo yoyote ya maandishi. Mwombe muuzaji apige kila uzi, noti moja moja, kutoka uzi mtupu hadi freti ya mwisho, bila kukoroga sauti. Mkorogo wa amplifaya huficha kila kitu. Abadilishe pikapu moja baada ya nyingine kwa swichi, azungushe nobu za volyumu na toni polepole, atikise kidogo waya uliochomekwa kwenye jeki.

Ukiisikiliza video hiyo, mahali mlio mbaya unapotokea panakutajia ugonjwa. Uzi ukinguruma ukiwa mtupu tu na kutulia unapobonyezwa, kosa liko kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopitisha nyuzi kabla hazijafika kichwani. Mifereji yake imechimbwa mno. Ukinguruma kwenye freti za mwanzo pekee, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma, na kulegeza fimbo kidogo kunatosha. Ukinguruma kila mahali, nyuzi zimeshushwa sana. Noti moja tu ikifa, kuna freti iliyoinuka mbele yake. Manne hayo yote yanatibika. Hata mkwaruzo wa nobu unaowatisha wengi ni vumbi ndani ya potenshomita, kile kifaa kinachozungushwa na nobu: matone machache ya dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, zungusha mara 20, basi. Sauti inayokatika waya ukitikiswa ni jeki iliyolegea au risasi iliyoachia, kazi ya dakika kumi kwa mwenye pasi ya kulehemu.

Mvumo unahitaji ufafanuzi kidogo, maana watu hurudisha magitaa mazima kwa sababu yake. Pikapu ya koili moja huvuma kwa asili yake, kwani hunasa umeme wa nyumba kama inavyonasa uzi. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955, huuzima mvumo huo kwa kugeuza koili moja dhidi ya nyingine. Basi mvumo peke yake si ubovu. Kipimo ni mkono. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi uko mzima. Usipobadilika, au ukizidi, kuna waya umekatika au jeki imefungwa kinyume.

Pikapu yenyewe unaweza kuipima bila kufungua hata skrubu moja, na muuzaji mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, hatakataa. Achomeke waya kwenye gitaa, aweke volyumu na toni hadi mwisho, achague pikapu moja, kisha agusishe ncha za kipimo kwenye ncha na kwenye shina la plagi ya upande wa pili. Koili moja husoma karibu omu 5,000 hadi 7,000. Koili mbili za mtindo wa zamani husoma 7,000 hadi 9,000, na zenye nguvu zaidi hupanda hata 15,000. Ikisoma karibu 250,000 au 500,000, unachopima ni potenshomita tu na koili imekatika. Ikisoma sifuri, kuna mahali pamegusana. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 hazipimwi hivi, na kwa hizo kumbuka kwamba waya ukiachwa kwenye jeki betri huisha hata gitaa likiwa limelala.

Kuhusu bandia, rula husaidia kuliko jicho. Toka kizingiti hadi freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi unaotetema: kwenye Stratocaster na Telecaster, gitaa jingine la Fender, ni milimita 324, kwenye Les Paul ni karibu 314. Shingo ya kipimo kimoja ikifungwa kwenye mwili uliotengenezewa kipimo kingine, hakuna marekebisho yatakayoifanya iimbe sawa juu na chini. Kifuniko cha fimbo kwenye kichwa cha Les Paul halisi hushikwa na skrubu mbili. Magitaa mengi ya kuiga huwa na tatu. Omba pia namba ya gitaa, na picha mpya yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe ya siku hiyo kando yake. Mwenye gitaa hupiga picha hiyo kwa dakika mbili. Asiye nalo huanza kueleza habari ndefu. Pesa zipite kwenye mfumo wa soko wenyewe unaozishikilia hadi mzigo ufike, na ombi lolote la kulipa nje ya hapo likomeshe mazungumzo.

Likivuka mpaka kuna sheria ya miti. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmoja wake, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na ubao wa vidole wa magitaa mengi unatokana na jamii hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo. Haikuondolewa Dalbergia nigra ya Brazil, iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992. Gitaa la zamani lenye mbao hiyo lisinunuliwe kutoka nchi nyingine bila vibali mkononi.

Ufungashaji usiachiwe muuzaji pekee. Mwandikie: legeza nyuzi kama toni mbili, ng'oa mkono wa tremolo (ule wa kuyumbisha sauti) kama upo, jaza sponji chini ya kichwa na juu yake ndani ya kasha, kisha weka kasha kwenye boksi lenye sponji pande zote. Magitaa mengi yanayovunjika njiani huvunjika kwa sababu kichwa kiliachwa kikielea. Na likifika, vumilia. Kama limetoka kwenye baridi au joto tofauti na la nyumbani, liache ndani ya kasha kwa saa kadhaa, hata siku nzima, kwa kuwa vanishi ya nitroselulosi hupasuka joto linapobadilika ghafla. Unapofungua, rekodi video tangu boksi likiwa limefungwa.

Sasa inakuja nusu tamu zaidi, kulitia gitaa sawa kwa mkono wako. Kazi hii ina mpangilio wake na kuuvuruga ni kuirudia. Anza na nyuzi mpya, za inchi 0.009 hadi 0.042 au 0.010 hadi 0.046, kila moja ikizunguka kikazio chake, kile kigingi cha kichwani cha kukazia uzi, mara mbili au tatu. Zikizidi hapo ndipo gitaa linapopoteza sauti na lawama kuangukia vikazio. Litie sauti kamili. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, utazame nafasi kwenye freti ya saba au ya nane: milimita 0.2 hadi 0.3, unene wa kadi ngumu ya jina. Ikizidi, kaza fimbo kwa kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu, tia sauti tena, pima tena. Kisha kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: karibu milimita 2 kwa uzi mnene na 1.6 kwa mwembamba. Mwisho, linganisha mlio wa kengele wa freti ya 12, unaotoka uzi ukiguswa tu juu ya freti bila kubonyezwa, na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kikalio cha uzi, yaani kipande cha daraja unachokalia. Ikiwa chini, kisogeze mbele kuelekea shingo.

Wenye Stratocaster wakikuta noti za juu za uzi mnene zinayumba kama sauti mbili zinazogombana, wasiguse vikalio kwanza. Sumaku ziko karibu mno na zinauvuta uzi. Shusha pikapu hadi, uzi ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya mwisho, ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 2.5, na yumbo hilo litatoweka. Gitaa likikwaruza na kulia "ting" unapokaza nyuzi, sugua ncha ya penseli kwenye mifereji ya kizingiti.

Ningewaomba na wauzaji waziweke picha na vipimo hivi kwenye tangazo kabla ya kuulizwa. Gitaa lililopigwa picha nyuma ya kichwa, lililopimwa freti na kusikika noti zote hupata mnunuzi anayelitaka kweli, wala halirudishwi.

Baada ya yote hayo, shika kila uzi juu ya freti ya 12, uvute taratibu mbali na ubao, utie sauti tena. Rudia mara tatu au nne hadi sauti isishuke. Ndipo uchomeke waya, volyumu ya amplifaya ikiwa sifuri, uifungue kidogo kidogo.

Msomaji wako,
Mpiga gitaa na fundi