Barua kwa Rehema kuhusu Bonnie, Clyde na gari la Kimbiji

Sinza, Dar es Salaam

Rehema mwenzangu,

Salaam nyingi. Natumaini Tanga mko salama na mama hajambo. Skripti yako nimeisoma yote. Umeniuliza waigizaji wa Bonnie and Clyde, ile filamu ya Kimarekani ya 1967 ya wapenzi wawili majambazi waliokuwepo kweli, walipatikanaje, na sini ya mwisho ya kumiminiwa risasi ilishutiwa vipi, maana na wapenzi wako wawili wanaviziwa kwenye barabara ya vumbi kule Kimbiji. Nakujibu yote mawili, na kwa kuwa unakuja kushuti hapa Dar, nachanganya na ya huku.

Warren Beatty alikuwa mtayarishaji wa filamu hii kabla hajawa steringi wake. Skripti iliandikwa na Robert Benton na David Newman, vijana wa jarida la Esquire waliozipenda mno sinema mpya za Kifaransa. Ilipita kwa waongozaji wa huko Ufaransa, kwanza François Truffaut, kisha Jean-Luc Godard, mwishowe Beatty akainunua na kumpa Arthur Penn aiongoze. Mwanzoni Beatty alimfikiria dada yake wa tumbo moja, Shirley MacLaine, awe Bonnie. Alipoamua kumwigiza Clyde yeye mwenyewe, wazo hilo likafa palepale, kwa sababu unazozijua. Jane Fonda alikataa. Tuesday Weld naye alikataa, alikuwa na mtoto mchanga. Akapata Faye Dunaway, mwigizaji wa jukwaani ambaye kwenye sinema jina lake lilikuwa bado dogo.

Waliobaki hawakuokotwa barabarani. Gene Hackman, aliyekuwa Buck, kaka yake Clyde, alishawahi kuigiza na Beatty kwenye filamu ya Lilith ya 1964 katika nafasi ndogo, na Beatty hakumsahau. Estelle Parsons, mke wa Buck, alitoka jukwaani, akaondoka na Oscar. Yule bwana mwoga anayeibiwa gari kisha anapewa lifti ndani ya gari lake mwenyewe ni Gene Wilder, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza. Anaonekana dakika chache tu, lakini hakuna anayemsahau.

Sasa wewe umeandika utafanya usaili wa steringi wa kiume siku moja na wa kike siku nyingine. Usifanye hivyo. Filamu ya wapenzi majambazi inabebwa na watu wawili waliobanana kwenye gari dogo. Chuja wabaki wanne kila upande, kisha wapange wawili wawili na wabadilishane. Waweke kwenye viti viwili vinavyotazama mbele, si vinavyotazamana, uwape kurasa mbili zenye maneno machache. Piga picha kutoka mbele kwa lenzi ya milimita 50. Angalia nani anamsikiliza mwenzake wakati hana la kusema. Wengi wetu huku tumezoea kungoja zamu ya kusema, na kwenye gari hilo linaonekana wazi. Jina kubwa lenye wafuasi wengi litakuuzia bango. Mapenzi usiyategemee kutoka huko.

Kuna jambo moja la skripti ambalo wanaoisifia filamu hii kwa risasi zake hulipita. Mwandishi Robert Towne aliitwa kuirekebisha, na moja ya kazi zake ilikuwa kuhamisha sini. Yule Eugene wa Gene Wilder anataniana nao vizuri ndani ya gari, mpaka anapoulizwa kazi yake na kujibu kwamba anashughulika na maiti. Bonnie papo hapo anataka ashushwe. Towne aliitanguliza sini hiyo mbele ya ile ya Bonnie kwenda kumwona mama yake. Matokeo yake, tunapofika kwa mama, kila mtu kwenye picha tayari anakijua kifo, ingawa hakuna anayekitaja. Kwenye skripti yako mwosha maiti wa Temeke anatokea baada ya wao kwenda kwa bibi. Msogeze mbele. Haitakugharimu hata shilingi.

Sini hiyo ya mama ina rangi ya kufifia, utadhani ni kumbukumbu ya mtu. Mama mwenyewe hakuwa mwigizaji, alikuwa mwanamke wa huko huko Texas. Ule ukungu ulipatikana kwa kuweka wavu wa dirishani mbele ya lenzi. Wewe nunua mita moja ya wavu wa mbu, ule wa plastiki wa kijivu, si wa waya unaong'aa. Ubane kwenye fremu ya mbao sentimita 5 mbele ya lenzi, fungua tundu la lenzi mpaka f/2 au f/2.8 (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), tumia milimita 85. Ukitumia lenzi pana, au ukifunga mpaka f/8, nyuzi za wavu zitaonekana na utakuwa umepiga picha ya dirisha. Jua lisigonge wavu wenyewe. Mtu ashike mwamvuli mweusi juu yake.

Haya, risasi. Kuanzia mlio wa kwanza hadi mwisho ni chini ya dakika moja, na iliwala siku kadhaa, kwa sababu kila walipokosea ilibidi waigizaji wavalishwe upya na vifuko vyote vya damu vifungwe upya. Penn aliweka kamera 4 pamoja, zikitazama upande mmoja, kila moja na lenzi yake na kasi yake: fremu 24, 48, 72 na 96 kwa sekunde. Fremu zikizidi, mwendo unaonekana wa polepole zaidi. Kwa kuwa zote ziliona tendo lile lile kutoka pale pale, mhariri Dede Allen aliweza kuruka kutoka mwendo wa kawaida kwenda wa polepole katikati ya tendo bila mkono wala nywele kubadilika mahali. Clyde anaanguka na kubingirika chini taratibu, Bonnie anatikiswa kwenye kiti kwa vishindo vifupi. Vifo viwili vya namna mbili ndani ya tukio moja. Wanaoiga huku kwetu hupunguza kasi ya kila kitu, wakamaliza ladha yote.

Kamera 4 huna, na huzihitaji. Kodi 2 za aina moja, toleo moja. Moja iwe fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, nyingine fremu 100 na shata 1/200. Rangi ya mwanga weka kelvini 5600 kwa zote mbili, usiiachie kamera ichague yenyewe. Hiyo ya fremu 100 itapokea robo tu ya mwanga, kwa hiyo fungua lenzi yake stopu mbili, yaani mwanga mara nne, au iondolee kichujio cheusi ulichomwekea mwenzake. Angalia pia mambo mawili yanayoumiza watu: kamera nyingi za bei ya chini zikifika fremu 100 hukata kingo za picha, kwa hiyo lenzi ya 35 inaonekana kama 50, na nyingi hazirekodi sauti kwenye kasi hiyo. Sini hii ni ya jua. Ukiihamishia usiku chini ya taa za LED za bei rahisi, umeme wetu wa hezi 50 utakufanya picha ipepese au ijae mistari. Shuti kuanzia saa 1 mpaka saa 4 asubuhi, pumzika, rudi saa 10 jioni. Jua la saa 6 mchana la Dar linachimba mashimo ya kivuli machoni, na wewe macho yao unayataka.

Wao walitumia baruti ndogo za umeme chini ya nguo na kwenye bodi ya gari. Wewe usiguse baruti. Tafuta mfuko mwembamba wa plastiki wenye damu mililita 30, uubandike juu ya kipande cha ngozi ngumu kilichofungwa kifuani. Gundisha kitufe kwenye mfuko, funga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kitufe, uupitishe kwenye tundu dogo la shati, mtu auvute kwa nguvu nje ya picha. Shati likwanguliwe kwa msasa upande wa ndani, mahali pa tundu, mpaka libaki nyuzi chache, la sivyo mshipi utavuta shati zima na mtazamaji ataona. Mshipi uvutwe kuelekea kamera ilipo, si pembeni. Kwa mwigizaji mmoja vifuko 4 vinatosha.

Damu: sukari kilo 1, maji nusu lita, chemsha mpaka yanate, ipue, ipoe. Rangi nyekundu ya chakula mpaka ikolee, kijiko kimoja cha chai cha kakao, tone moja la bluu. Bila kakao na bluu inatoka waridi kwenye kamera, kama sharubati ya harusini. Ongeza kijiko cha sabuni ya maji ili nguo ifulike, na ukishaongeza hiyo, isiingie mdomoni mwa mtu. Ya mdomoni tengeneza pembeni. Iandae siku ile ile, ukiacha ndoo wazi utashuti na nyuki.

Mashati usinunue mitumba. Shati zuri la mtumba liko moja tu, na wewe unahitaji 5 yanayofanana kwa kila mtu. Nunua kitambaa Kariakoo, fundi akushonee. Yote 5 yafuliwe mara 3 kabla ya siku ya kwanza, ili yachakae sawa.

Kuhusu mwili wa Bonnie kuning'inia nje ya gari bila kudondoka: Penn alimfunga Dunaway mguu mmoja kwenye gia, akawa huru kuanguka kwa uzito wake wote. Magari yetu mengi ni ya otomatiki na gia yake ni ya plastiki, itavunjika. Funga kwenye reli ya chuma chini ya kiti, kwa mkanda mpana, fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na mtu alale nyuma ya kiti akiwa ameshika ncha. Betri itolewe, matairi yawekewe mawe. Matundu ya risasi usitoboe gari la kukodi. Tafuta milango chakavu ya modeli hiyo hiyo kwenye spea za Ilala, itobolewe na kupakwa rangi moja na gari, fundi aibadilishe asubuhi.

Lakini damu yote hiyo inakuja baada ya kitu kidogo zaidi. Kabla ya mlio wa kwanza, wametoka kula tunda pamoja, ndege wanaruka ghafla kutoka kichakani, na Bonnie na Clyde wanatazamana. Nyuso zinabadilishana haraka haraka, karibu zaidi kila mara. Wamejua. Hiyo kwangu ndiyo sini ya mapenzi ya filamu nzima, na wewe umeiandikia mstari mmoja: "Wanatazamana kwa hofu." Ifutie hofu, uipangie nusu siku yake peke yake, kabla ya siku ya damu, waigizaji wakiwa hawajachoka na nguo ni safi.

Sauti. Beatty alitaka milio ipasue masikio huku mazungumzo yakiwa ya chini. Filamu ilipofika London akaisikia imepooza, akapanda chumba cha mitambo na kumkuta fundi amejiandikia chati ya kupandisha sauti kwenye maneno na kuishusha kwenye risasi, akiamini anarekebisha kosa. Mwenye kibanda umiza wa Mbagala atakufanyia vilevile. Weka mazungumzo kati ya desibeli -18 na -12, mlio wa kwanza ufike -3, na sekunde 2 kabla yake punguza kila kitu, hata upepo. Sikiliza kwa simu pia, maana ndiko wengi watakakoitazama.

Majina ya watu wa kweli badilisha yote. Wale walimwacha Frank Hamer, askari aliyeongoza kuwavizia Bonnie na Clyde wa kweli, na jina lake, wakamwonyesha akitekwa na kupigwa picha na genge, jambo ambalo halikutokea. Mjane wake na mwanawe wakafungua kesi, ikamalizwa kwa malipo nje ya mahakama mwaka 1971. C.W. Moss, kijana wa genge kwenye filamu, ni watu wawili wa kweli waliochanganywa kuwa mmoja na kupewa jina jipya, ingawa hata hapo mmoja wao, W.D. Jones, alifungua kesi. Mkuu wa upelelezi wako mchanganye vivyo hivyo, asifanane na mtu yeyote mmoja.

Vibali: Bodi ya Filamu kwanza, na skripti mkononi. Kisha polisi, kwa maandishi, ukitaja bunduki bandia na sare, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Siku yenyewe pita na kipaza sauti asubuhi na tena kabla ya kila teki ya kukimbia. Mtu mwenye bastola ya plastiki akitoka mbio kwenye nyumba ya watu Kigamboni, akasikika mmoja anaita "mwizi", hakuna atakayesubiri kuona kamera. Wasaidizi 4 wenye fulana za kung'aa wasimame kila kona, na mwigizaji asitoke eneo la kushuti akiwa na bunduki, hata kwenda kunywa maji.

Mazishi uliyoweka mwisho yatoe. Penn alimaliza kwa askari kutoka vichakani kimya na kulizunguka gari, hakuna hotuba wala muziki, kisha giza. Kurasa zako 6 za makaburini zitakula siku mbili, mahema, viti na eksitra 60 wa kulishwa. Pesa hiyo inalipa kamera ya pili.

Nitumie rasimu mpya ukishamhamisha mwosha maiti. Msalimie mama.

Wako,
Tatu