Shaabani, Jumamosi asipande mtu

Shaabani ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Mama na watoto hawajambo? Huku wazima wote, joto tu. Nilitaka kukuandikia habari za mashindano ya mwisho wa Oktoba, ila zitasubiri. Picha za mnara wako wa redio zimefika na zimenikosesha raha.

Mnara umependeza, sibishi. Vipande 6 vya mita 3, jumla mita 18, na kwa bei ile umeokota. Lakini unaniambia Jumamosi mkwezi wa Mama Zuhura atapanda kufunga ile antena ya Yagi, na wewe utamfuata na mkanda wako mpya. Naomba sana, Jumamosi asipande mtu. Si mkwezi, si wewe, wala Baraka na kiherehere chake.

Ukurasa mzima umeandika juu ya mkanda. Sawa, mkanda unakushika kwenye mnara, na mnara unashikwa na nini? Na stei, zile waya zinazouvuta kutoka pembeni. Ukijifunga barabara kwenye mnara unaoanguka, unakwenda nao chini. Wenzetu wengi wa redio ya ridhaa wameumia na kufa hivyo: mtu kajifunga vizuri kabisa, kilichoondoka ni mnara wenyewe. Hutokea hasa wakati wa kubomoa mnara mkongwe, au kubadili stei bila kufunga kwanza nyingine za muda.

Sasa itazame tena picha ya nanga ya upande wa mwembe, pale stei inapofungwa ardhini. Klipu za kubana waya wa stei zimefungwa kinyume. Klipu ina tandiko na ina ile U yenye nati mbili. Tandiko hukaa kwenye waya unaobeba mzigo. U hubana ncha iliyorudishwa, ile isiyobeba kitu. Zako U imekalia waya wenye mzigo, inausaga, na kila upepo ukivuta nyuzi zinazidi kupondeka. Tena moja imetazama huku na mwenzake kule. Fundi wako alikuwa anabahatisha.

Usizigeuze tu hapo hapo ukaona umemaliza. Sehemu iliyoumwa na U imeshadhoofika, haitakiwi kubaki kwenye mzigo. Shika stei juu ya klipu kwa kibano cha kuvutia waya, uifunge kwa winchi ya mkono hadi kwenye nanga, ndipo ufungue. Moja moja. Ukifungua mbili kwa sababu fundi ana haraka, mnara utaamua wenyewe pa kulala. Ukishakata sehemu mbovu na waya hautoshi tena, nunua mwingine mzima, usiunge. Kila ncha tia klipu 3, ziachane sentimita 3 hivi kwa waya huo wa milimita 5, na kile kiatu cha chuma ndani ya kitanzi kisikosekane. Kaza, vuta stei, kisha rudi ukaze tena, maana waya ukivutwa hukonda na nati hubaki zimelegea.

Mkazo wenyewe ni kama asilimia 10 ya nguvu ya kukatika. Waya wa stei wa inchi 3/16 (karibu milimita 5), ule mgumu wa EHS, hukatika kwenye kilo 1,800 hivi, kwa hiyo unautia kilo 180, kwa kipimo na si kwa kubonyeza na kidole. Zile skrubu za kukazia zipitishie waya mwembamba katikati na uufunge, la sivyo mtikisiko utazifungua taratibu na hutajua.

Ncha za juu za stei zikague na darubini, ukiwa chini. Zikiwa nazo zimegeuzwa, basi mnara haupandwi kabisa: kodi gari lenye kikapu. Ghali, najua.

Halafu miguu ya mnara. Hiyo ni ya bomba, na hapo Tanga chumvi haina huruma. Maji huingia ndani ya bomba, na kama zege limeziba njia ya kutokea chini, yanatuama na kula chuma kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Gonga kwa nyundo kuanzia kwenye zege kwenda juu, usikilize panapobadilika mlio, kisha bonyeza hapo kwa bisibisi. Ikizama, mnara umekwisha, haufai kupandwa.

Mkanda sasa. Kwenye lebo nimesoma EN 358, namba ya kiwango cha Ulaya. Huo ni wa kujiegemeza ukiwa kazini, haukudaki ukianguka. Marekani walikataza mkanda wa kiunoni kwa kudaka mtu anayeanguka tangu 1 Januari 1998, na sababu yake ni mgongo na mbavu. Unaotaka ni EN 361, wa mwili mzima, wenye pete mgongoni, na kamba mbili zenye kifyonza mshtuko. Unatundika moja juu ya kichwa, unapanda, unatundika ya pili, ndipo unaitoa ya kwanza. Hakuna sekunde uko huru, hata ukiwa unaikwepa stei. Ndoano ipite kwenye mguu wa mnara juu ya muungano, usiitundike kwenye vile vyuma vyembamba vya zigizaga.

Na piga hesabu: kamba mita 2, kifyonza kikifumuka hadi mita 1.75, mwili kutoka pete ya mgongo hadi nyayo mita 1.5, akiba mita 1. Jumla mita 6.25 za nafasi tupu chini ya ndoano. Maana yake ukianguka ukiwa kwenye vipande viwili vya mwanzo kamba inaweza isikusaidie kitu, nawe utakuwa umefunga kila kitu kama inavyotakiwa. Hapo chini ndiko watu hulegeza.

Mkwezi ni hodari, nani atabisha. Lakini nazi huangushwa na mtu anashuka. Huku atakaa juu saa mbili nzima, spana mkononi, antena inamsukuma kifuani. Akining'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, damu hubaki miguuni na dakika chache zinatosha kumpoteza. Kwa hiyo lazima awepo wa pili aliyefunga mkanda, anayejua kumshusha. Kuita Zimamoto kwa 114 ni sawa, ila usiwategemee wao tu.

Wavutaji wa kamba wasisimame chini ya mnara. Funga kapi juu na jingine kwenye kitako, kamba itoke kwa ubavuni nao wavute wakiwa mbali. Redio ichomolewe kabisa, na mota ya kuzungusha antena pia. Mwanze alfajiri, kufika saa nane upepo wa bahari umeshapanda, na Yagi ikishika upepo mikononi mwa mtu haina adabu.

Nirudi kwenye klipu, maana nakujua: utayasoma yote haya kisha uende dukani kununua mkanda tu. Mkanda baadaye! Klipu kwanza.

Hebu niambie: hizo nanga ziko mita ngapi kutoka kitako? Kwa mnara wako zisipungue 14. Na ule waya wa umeme nyuma ya kwa Mama Zuhura uko umbali gani? Mimi ningetaka mita 27, mara moja na nusu ya urefu wa mnara, kwa sababu Yagi nayo ina mikono mirefu. Zege lilimwagwa juu ya kokoto au juu ya udongo mtupu? Juu kuna nyigu? Fundi wa Ngamiani bado ana ile winchi ya mkono, au tumwulize Mzee Kombo? Na nani mwingine hapo anaweza kupanda kumfuata mtu akikwama?

Nijibu kabla ya Ijumaa, na unipigie picha ya klipu za nanga zile mbili nyingine, kwa karibu.

Salamu zetu za redio, 73,
Idi